Kunakili Uso wa Juan de Pareja: Rangi za Mafuta kwa Mwandishi wa Programu

Waliozoea kuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata na programu huria watanivumilia leo. Kwa miezi minne hivi, kila jioni nikishafunga tarakilishi, nimekuwa nikichora uso mmoja tu kwa rangi za mafuta. Si uso wa ndugu yangu wala wa jirani. Ni uso wa mtu aliyekaa mbele ya mchoraji mjini Roma mwaka 1650. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini mtu wa kompyuta anakili picha ya zamani badala ya kuchora yake mwenyewe. Haya basi, leo najibu, na nitawapa pia hatua zenyewe kwa yeyote atakayetaka kujaribu.

Picha yenyewe

Mchoraji ni Diego Velázquez, Mhispania aliyezaliwa Seville mwaka 1599 na kufariki Madrid mwaka 1660. Alikuwa mchoraji wa Mfalme Felipe wa Nne, na ni mmoja wa vigogo wa enzi ile inayoitwa Baroki. Mtu aliyechorwa anaitwa Juan de Pareja. Alikuwa na asili ya Kiafrika, alizaliwa Antequera kusini mwa Uhispania karibu mwaka 1608, na wakati picha inachorwa alikuwa mtumwa wa Velázquez. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mchoraji alikuwa anamchora mtu aliyekuwa mali yake.

Velázquez alikuwa Italia kuanzia mwaka 1649 hadi 1651 na Pareja alikuwa naye. Picha ilionyeshwa hadharani katika jengo la Pantheon, Roma, tarehe 19 Machi 1650. Mwaka huohuo Velázquez alimchora Papa Innocent wa Kumi. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Uhispania mwaka 1724, anasimulia kwamba Pareja ndiye aliyetumwa kuibeba picha yake mwenyewe kuwaonyesha marafiki wa bwana wake. Wale marafiki wakawa wanaitazama picha, kisha wanamtazama mtu, wasijue ni yupi wamsemeshe.

Mwaka 1970 picha hii iliuzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 2.3, ikawa ya kwanza duniani kuuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni moja. Leo iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mimi sijafika New York. Lakini mwaka 2017 jumba hilo liliachia bure picha za maelfu ya kazi zake zisizo na hakimiliki tena, na mtu yeyote anaweza kupakua faili, kuichapisha, kuikata, kuiuza, bila kumwomba mtu ruhusa. Ndivyo Juan de Pareja alivyofika chumbani kwangu Nairobi: kwa njia ya faili.

Kwa nini kunakili?

Sisi waandishi wa programu hatuna haki ya kuwacheka wanaonakili. Wengi wetu tulijifunza kwa kuandika upya msimbo wa wengine, mstari kwa mstari, tukiangalia kila mstari unafanya nini. Ukibandika tu, hujifunzi kitu. Ukiandika kwa vidole vyako, inafika mahali unajiuliza: huyu bwana aliweka sharti hili hapa kwa nini? Hapo ndipo somo linapoanza.

Wachoraji wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Rubens, alipotembelea Madrid mwaka 1628, alikuwa tayari mchoraji mwenye jina kubwa, na bado alikaa akinakili kazi za Titian. Mmarekani John Singer Sargent alikwenda Prado mwaka 1879 kumnakili Velázquez. Louvre imekuwa ikiwaruhusu wanakili tangu mwaka 1793, kwa sharti kwamba nakala isiwe na ukubwa sawa na picha ya asili. Hakuna aliyeona aibu.

Nakala yangu ina sentimita 40 kwa 35. Ya asili ina sentimita 81.3 kwa 69.9, kwa hiyo yangu ni karibu nusu kwa urefu na karibu robo kwa eneo. Hakuna atakayeichukulia kuwa ya kweli, hilo msiwe na hofu nalo!

Vifaa

Vifaa vya rangi za mafuta si rahisi kwa bei, lakini unavyohitaji ni vichache kuliko watu wanavyodhani.

Kitambaa: nilinunua amerikani, fundi seremala akanitengenezea fremu ya mbao, nikakiwamba na kukipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili, nikipiga msasa katikati. Juu yake nikapaka kijivu chenye ukahawia kidogo. Usianze juu ya weupe mtupu, maana kwenye weupe kila rangi huonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Rangi: nne za kutosha. Nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeusi. Ya tano ni kahawia ya udongo kwa ajili ya mchoro wa chini. Velázquez alitumia nyeupe ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mimi natumia nyeupe ya titani, iliyowafikia wachoraji katika karne ya 20. Hiyo ina nguvu kuliko ile ya risasi, kwa hiyo weka kidogo kidogo.

Mafuta ya kitani na tapentaini: fungua dirisha. Na tafadhali sana, vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje au kiloweke ndani ya maji.

Mwanga: vitabu vya Ulaya vyote vinasema fanya kazi kwenye dirisha la kaskazini, maana jua halipiti upande huo. Kwao ni kweli. Nairobi iko karibu digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo mwezi wa Juni tumia dirisha la kusini, na mwezi wa Desemba geuza. Ushauri wa mbali lazima uurekebishe kwa mazingira yako, kama tunavyorekebisha saa za seva.

Hatua kwa hatua

1. Miraba. Nilifungua faili kwenye GIMP nikaigawa kwa mistari, safu 8 kwa 7, jumla miraba 56. Kisha nikachora miraba hiyohiyo kwa penseli kwenye kitambaa. Mtaani kwetu kuna mzee anayeandika mabango ya maduka, naye hutumia mbinu hiyohiyo ukutani kwa kamba yenye chaki. Unachora mraba mmoja mmoja bila kujali kama ni pua au sikio.

2. Kuondoa rangi. Kwenye GIMP nikageuza picha iwe ya kijivu tupu, kisha nikaipunguza ibaki na viwango vitano vya mwanga: mweupe, mwanga, kati, kivuli, giza. Hiyo ndiyo ramani yangu.

3. Mchoro wa chini. Kwa kahawia iliyochanganywa na tapentaini nikaweka vivuli peke yake. Kahawia ya udongo ina manganizi ambayo huharakisha kukauka, ndiyo maana inafaa kuwa tabaka la kwanza. Nyeusi ya mifupa hukauka polepole, iweke baadaye.

4. Rangi. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Sababu yake ni ya kikemia. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupotea kama ile ya ukutani. Mafuta huvuta oksijeni ya hewani, molekuli zikashikana zikawa kama wavu. Tabaka lenye mafuta mengi huchukua muda zaidi. Ukiliweka chini ya tabaka linalokauka haraka, la juu litakuwa limeshakaza wakati la chini bado linatembea, na picha itapasuka. Kwa lugha yetu: usijenge juu ya toleo ambalo bado linabadilika.

5. Kioo. Punguza mwanga wa skrini mpaka weupe wake ulingane na karatasi nyeupe uliyoiweka kando yake. Skrini inatoa mwanga, rangi inaurudisha tu. Usipoweka usawa huo utakuwa unakimbizana na mng'ao ambao haupo kwenye kopo lolote.

Macho yanavyodanganyika

Yule mzee wa mabango alipita siku moja kuona kinachoendelea. Akasimama mlangoni, akatazama skrini, akatazama kitambaa.

"Kijana, finya macho."

"Nifinye mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka pua ipotee. Ukiona kila kitu, hutaona kitu."

Nikafinya. Pua ya Pareja ikapotea kweli, upande wa kivuli ukaungana na shavu, na kilichobaki ni maumbo makubwa matatu: mwanga wa paji la uso, giza la nywele na ndevu, na ule ukosi mweupe wa lesi. Uso ulikuwa bado wake. Ungemtambua sokoni.

Wanaojua faili za JPEG wataelewa mara moja. Muundo huo, uliowekwa rasmi mwaka 1992, hupunguza ukubwa wa picha kwa kutegemea udhaifu wa macho yetu. Jicho la binadamu huona tofauti za mwanga kwa makini sana, lakini tofauti za rangi huziona kwa ulegevu. Kwa hiyo faili nyingi za JPEG huhifadhi taarifa za mwanga kwa ukamilifu zaidi na taarifa za rangi kwa ufupi, na hatushtuki. Velázquez hakuwa na hesabu hizo, lakini alijua jambo lenyewe. Kuza ule ukosi wa lesi kwenye skrini yako. Hakuna lesi! Kuna michapo ya rangi nyeupe iliyotupwa kwa haraka, mingine minene, mingine hafifu. Rudi nyuma hatua tatu na lesi inarudi, na matundu yake. Ametoa taarifa za kutosha tu, na kazi iliyobaki amekuachia wewe.

Hilo huwezi kulijua kwa kutazama tu. Mimi nimeutazama ukosi ule mara nyingi nikiamini kwamba nauona. Ni brashi iliponing'inia hewani, nikitafuta mahali pa kuweka uzi wa lesi, ndipo ilipobidi nikubali kwamba uzi haupo. Kunakili kunakuonyesha kile bwana alichoacha kufanya.

Ngozi nyeusi haina rangi ya "ngozi"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliponufaika zaidi. Kuna mirija ya rangi madukani iliyoandikwa kwamba ni rangi ya ngozi, na mara nyingi ni ya waridi hafifu. Sijui ni ngozi ya nani. Kwenye uso wa Pareja huwezi kutumia mrija mmoja wa kahawia pia, utapata uso wa udongo.

Chukua kile kifaa cha kudonoa rangi kwenye GIMP uguse paji la uso, kisha shavu, kisha chini ya taya. Utapata namba zisizofanana hata kidogo. Pale mwanga unapopiga paji, ngozi nyeusi hung'aa, na mng'ao ule unaelekea kijivu cha baridi. Kwenye shavu kuna wekundu. Ndani ya kivuli kuna joto la kahawia. Na zote zinatoka kwenye rangi nilezile nne. Nyeusi ukiichanganya na nyeupe hutoa kijivu kinachoelekea bluu. Nyeusi na manjano ya udongo hutoa kijani cha zeituni, na ndicho kilichonipatia mandhari ya nyuma. Kijivu kikiwekwa kando ya nyekundu huonekana cha baridi, kikiwekwa kando ya kijani huonekana cha joto. Namba ya pikseli ni moja, lakini rangi unayoiona inategemea majirani zake.

Nimekulia kwenye nchi ambapo kila uso niliouona nyumbani, shuleni na kwenye matatu ulikuwa mweusi, na bado ilinibidi niketi na picha ya Mhispania wa karne ya 17 ndipo nijue kwamba paji la uso la baba yangu lina bluu ndani yake. Siku hizi nikiwa kwenye matatu namkodolea macho kondakta mpaka ananiuliza kama nina shida. "Hapana, ndugu yangu, natazama mwanga tu." Hajaridhika na jibu hilo.

Jambo ambalo nakala haina

Sasa nije kwenye jambo lililonikalia moyoni.

Palomino anasimulia hadithi tamu kuhusu Pareja. Anasema kazi yake ilikuwa kusaga rangi na kuandaa vitambaa, na bwana wake hakumruhusu kugusa brashi. Akajifunza kwa siri usiku. Siku moja akaweka picha yake imegeuzwa ukutani mahali mfalme angepita. Mfalme akaigeuza, akashangaa, na akatangaza kwamba mtu mwenye kipaji kama hicho hawezi kuwa mtumwa.

Hadithi nzuri, lakini tuna kumbukumbu za maandishi. Mwaka 1983 mtafiti Jennifer Montagu alichapisha hati aliyoikuta Roma. Tarehe yake ni 23 Novemba 1650. Ndani yake Velázquez anampa Pareja uhuru, mbele ya mthibitishaji, bila mfalme wala muujiza wowote. Lakini uhuru wenyewe una masharti: aendelee kutumika miaka mingine minne, asitoroke, asitende kosa la jinai. Yaani picha ilikuwa imesifiwa Pantheon mwezi wa Machi, na miezi minane baadaye aliyechorwa akapewa ahadi ya kuwa huru mwaka 1654.

Nikifikiria hilo, siwezi tena kuziona saa zangu za jioni kama mazoezi ya mkono tu. Macho yale yanamtazama mtu aliyeyamiliki. Watu husema yana heshima, yana kujiamini, na ni kweli. Lakini mimi ninapofuata brashi ya Velázquez, ninafuata pia pale aliposimama. Namtazama Pareja kutoka kwenye kiti cha bwana wake. Nakala haina njia nyingine.

Baada ya kuwa huru, Pareja alifanya kazi ya uchoraji Madrid mpaka alipofariki karibu mwaka 1670. Kazi yake inayojulikana zaidi ni ile ya mwaka 1661 inayoonyesha Mathayo akiitwa na Yesu. Ni kubwa, mita 2.25 kwa 3.25, na ni mali ya Prado. Upande wa kushoto kabisa amesimama mwanamume anayetutazama, ameshika karatasi, na kwenye karatasi kuna sahihi ya Pareja. Ni yeye. Amejichora mwenyewe. Na ngozi aliyojipa ni nyeupe kuliko ile aliyopewa na Velázquez.

Kwa nini? Aliishi katika nchi iliyokuwa ikipima damu ya watu, na huenda alitaka kuingia kwenye chumba kile cha matajiri kama mtu asiyeulizwa maswali. Huenda alikuwa na sababu yake nyingine. Ninachojua ni kwamba kuna nyuso mbili za mtu mmoja, na ile inayofanana na sisi zaidi, ile tunayoipenda, si yeye aliyeichora.

Karne nyingi watu walimkumbuka Pareja kama mtu wa kwenye picha tu. Arturo Schomburg, mkusanyaji wa vitabu na kazi za watu weusi aliyezaliwa Puerto Rico, alisafiri hadi Uhispania katika miaka ya 1920 akaitafuta kazi ya mikono yake. Mwaka 2023, karibu miaka mia moja baadaye, Metropolitan ilifanya maonyesho yaliyomweka Pareja mbele kama mchoraji.

Kwa hiyo nifanye nini na nakala yangu? Nimeimaliza, au tuseme nimeiacha, na iko ukutani juu ya meza ya kompyuta ikisubiri kukauka vizuri, jambo ambalo huchukua miezi. Nimejifunza kwake mwanga, nimejifunza kijivu, nimejifunza kuacha. Hayo ni ya Velázquez na namshukuru.

Fremu ya pili tayari iko kwa fundi. Safari hii nitanakili ule uso mdogo wa kushoto, wa mwaka 1661, pamoja na karatasi yake. Wanakili hawaruhusiwi kuiga sahihi, na hilo nitaliheshimu, karatasi itabaki tupu. Nataka tu nijue mkono wake ulikuwa unafanya maamuzi gani. Alipofika kwenye paji lake la uso, na kibao cha rangi kikiwa mikononi mwake mwenyewe, alichanganya nini?

Mwenye GIMP, rangi nne na kipande cha amerikani aanze wikendi hii. Ukikwama kwenye pua, finya macho. Tukutane tena hapa, na makala ijayo nitarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi.